Chumba Kisicho na Mwenyewe

Jumamosi ya pili ya Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama alikuwa ameshapiga honi mara mbili na mimi bado natafuta soksi. Nilidhani tunakwenda kutalii tu, kuuona ule mji wa zamani wa chuo kikuu. Tulipoiacha Stafford, nje kidogo ya Houston, ndipo aliponiambia anakwenda kuangalia kwa macho yake kama mtoto wake anaweza kulala kule. Baba alishasema hana neno, mama ndiye ataamua. Na mama alikuwa na mfano wake: binti wa rafiki yake anayeishi mji wa DeSoto alikwenda kukaa chuoni, na tangu hapo simu ikitoka nyumbani anaipokea akijisikia tu.

Chuo kile nilikitaka mno. Ila sikuwahi kumwambia mtu kwa sauti.

Kwetu Houston kitu kikizeeka kinabomolewa. Kule chuoni ngazi za mawe za jengo kuu zimebonyea katikati kwa nyayo za watu, na hakuna anayezigusa. Niliweka mguu kwenye lile bonde dogo, nikajiuliza wa kwanza kupanda hapo alikuwa nani, na siku hiyo alikuwa amechelewa somo gani. Ndani kuna picha ya wanafunzi wa mwanzo, wote wanaume wenye masharubu. Nilipitia nyuso zote kutafuta hata mmoja anayefanana na sisi. Hakuna. Mama naye alisogea, akasema hapa hata mmoja hakucheka, basi shule ilikuwa ngumu kweli.

Msichana mwanafunzi aliyetutembeza, sisi na familia nyingine kadhaa, alitembea kinyumenyume muda wote huku akieleza. Mama hakusikia historia hata kidogo, alikuwa anamwogopea asijikwae. Kwenye majani wanafunzi wamelala chali mchana kweupe, viatu pembeni. Mama akaninong'oneza kuuliza kama wanaumwa.

Kisha tukaingia bwenini kuona chumba. Mama akasimama mlangoni.

"Hodi."

Msichana wa kututembeza akamwambia apite tu. Mama hakupita. Akabisha tena, watu wakaanza kurundikana nyuma yetu. Msichana akaeleza kwamba hakuna anayeishi humo, ni chumba cha kuonyesha wageni. Mama Kiingereza anakijua, ndicho anachofanyia kazi hospitalini. Akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Kama hakina mwenyewe, nani atanikaribisha? Siingii chumbani kwa watu kama mwizi."

Nyuma kuna mtu akacheka kidogo. Masikio yakanichoma. Mbele za watu huwa namjibu mama kwa Kiingereza, tena chinichini, na siku nyingine ningemvuta mkono tuondoke. Lakini tukiondoka hapo mlangoni, habari ya chuo imekwisha. Nikapenya chini ya mkono wake, nikasimama karibu na kitanda.

"Karibu mama. Karibu ndani."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

"Haya, nimekaribia," akasema, akavua viatu. Baba mmoja Mzungu aliyekuwa nyuma yake akamtazama, akavua na vyake.

Mama alikaa kitandani, akabonyeza godoro, akafungua kabati, akauliza jiko liko wapi. Halafu akamuuliza yule msichana, homa ikimshika usiku anamwita nani. Msichana akasema mwenzake wa chumbani kwanza, kisha anampigia mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa, polepole.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na Sugar Land, mama akasema:

"Leo umenikaribisha kama mtu mwenye kwake."

"Ndiyo mama."

"Mwenye kwake anapika. Nikija nitakula hiyo karibu?"

Mimi ninachojua kupika ni tambi za pakiti tu. Mama akasema niombe hiyo nafasi, yeye hatanizuia, ila atakapokuja kunitembelea asikute sufuria baridi.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, niliinjika maharage niliyokuwa nimeyaloweka. Nikamwita mama kumuuliza vitunguu vinakatwa vikubwa au vidogo. Akaniuliza kwani mpishi ni yeye, akaendelea kupiga pasi gauni lake. Nikavikata vikubwa.