Umeme wa Mzee Tetsuro

Fusae Kuroki hakuwa msomi wa chochote. Kazi yake katika maabara ya chuo, huko kwao Miyazaki, ilikuwa kulowesha sifongo mbili kwa maji ya chumvi, kuzifunga kichwani kwa mtu, na kubonyeza swichi. Umeme wenyewe ulikuwa kidogo tu, wa betri. Profesa Hidaka alitaka kujua kama ubongo ukipitishiwa umeme kabla ya mazoezi utachelewa kulalamika, ili mwili uendelee kukanyaga baiskeli hata pale ambapo kwa kawaida ungeshanyoosha mikono.

Wazee wa kujitolea walikuwa adimu, basi Fusae akamleta mumewe, Tetsuro. Nusu yao walipewa umeme wa kweli. Nusu nyingine walipewa danganya toto: unawaka kidogo, ngozi inachonyota, halafu unakatwa kimyakimya. Kura ikamtupa Tetsuro kwenye danganya toto. Fusae ndiye aliyebonyeza, kwa hiyo alijua, na alikuwa ameapa kutosema; mumewe akiuliza, alimtazama usoni na kujibu kwamba amewasha.

Tetsuro naye, tangu apasuliwe moyo, alikuwa mtu wa kujisikiliza kifua kutwa kucha. Daktari alisema kimbia, yeye akapanda ngazi kama aliyebeba trei ya mayai. Zamani alikuwa mkimbiaji katika mashindano ya mitaa, yale ya kupokezana ukanda wa mtaa unaovaliwa begani. Siku hizi alikwenda kupiga makofi tu, na hata makofi aliyapiga kwa tahadhari.

Sasa jamani, mtu huyo akaanza kufungwa zile sifongo! Kila wiki akakanyaga zaidi ya wiki iliyopita.

"Mama Chinami," alimwambia mkewe akitweta, uso umemng'aa, "ubongo wangu umefungwa mdomo! Hausemi kitu!"

Akaanza kukimbia alfajiri, akapanda hata kile kilima cha nyuma ya hekalu. Akarudi na njaa ya kijana, akaongeza wali, akataniana na mkewe kama enzi za uchumba. Fusae alikuwa na furaha mpaka akaiogopa.

Utafiti ulipofungwa, profesa aliruhusu kila anayetaka aambiwe alipewa umeme gani. Tetsuro hakuuliza. Mtu mzima akinyamaza ana lake, lakini Fusae hakulitafakari hilo.

Januari Tetsuro akavaa ukanda. Akakimbia kipande cha wazee, akawapita wawili, akaukabidhi ukanda ukiwa umelowa jasho. Jioni mtaa mzima ulikusanyika ukumbini kwa kuku wa kukaanga na pombe ya viazi vitamu.

"Tetsuro siku hizi anatumia betri!" akapayuka mwenyekiti wa mtaa, Bwana Yasutake. "Mwakani tumchaji wiki nzima! Bibi Kuroki, hiyo mashine si utuazime na sisi?"

Kule kwao, mume akisifiwa, mke humshusha. Huo ndio ustaarabu. Unainama kidogo, unasema, "Nani, huyu? Hata soksi zake hajui zilipo." Fusae aliyasema hayo maisha yake yote ya ndoa. Lakini jioni ile hakuyasema, maana hawakumsifu mumewe, walisifu betri! Kwa mara ya kwanza akataka kumpa mume wake haki yake mbele za watu.

"Betri gani?" akasema kwa sauti. "Mume wangu hakupewa umeme. Mimi mwenyewe nilikuwa nauzima. Mbio zile ni zake, kwa moyo wake mwenyewe!"



"Kumbe mzee wetu kakimbizwa na sifongo!" akadakia mmoja, na watu wakaangua kicheko mpaka machozi.

Tetsuro alicheka kuliko wote. Akainuka akawamiminia kila mtu pombe. Fusae akadhani ameelewa.

Kesho yake hakukimbia. Akasema kuna baridi. Kesho kutwa goti. Siku aliyotoka, alirudi akitembea, kiganja kifuani.

"Moyo wangu ulikuwa unapanda kile kilima bila mlinzi, bila umeme wowote," akasema. "Ningeweza kufa."

"Lakini hukufa, baba! Si unaona uliweza?"

"Niliweza kwa sababu sikujua. Sasa najua."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu mama masikini alijikwaa kwa mapenzi. Angemtukana tu soksi zake kama kawaida, mzee angekuwa kilimani mpaka leo! Usiku alilia chini ya shuka, akijilaumu na kujilaumu tena, na mumewe kando yake akijisikiliza kifua.

Mwishowe akamwangukia profesa, naye akakubali Tetsuro apewe umeme wa kweli. Fusae akalowesha sifongo, akazifunga, akabonyeza, na safari hii hakuzima. Muda ulipotimia, Tetsuro akapanda baiskeli. Akakanyaga kidogo, akasimama, kiganja kifuani.

"Uliwasha?"

"Niliwasha. Naapa kwa kaburi la mama yangu, niliwasha."

Tetsuro akamtazama bila hasira yoyote, na heri angekasirika.

"Mama Chinami," akasema taratibu, "na wakati ule pia ulinitazama usoni hivi hivi, ukaniambia umewasha."

Akajipangusa maji ya chumvi kwenye paji la uso kwa mkono wa shati, kisha akamwomba amshike ashuke.