Mshale Usiorudishwa

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya bweni ya wasichana huko Uru, huku nikisomea shahada ya pili. Mada niliichagua kwa mbwembwe: jinsi urafiki wa wanafunzi unavyoanza na kubadilika. Kila muhula wasichana waliniandikia majina ya marafiki zao, nami nikawaahidi kwamba siri itabaki kwangu. Nilichora mshale kutoka kwa anayetaja kwenda kwa anayetajwa, kisha kompyuta ikakadiria ni mishale ipi itadumu na ipi itakatika. Kanuni yake kubwa ilikuwa nyepesi: mshale usiorudishwa haukai.

Binti yangu alisoma hapo hapo. Nani anataka rafiki ambaye baba yake ndiye anayesahihisha mitihani? Alikuwa na mmoja tu, msichana wa kule tambarare kwenye mashamba ya miwa, ambako wazazi wake walihamia kutoka mkoa wa mbali kutafuta kazi. Muhula wa pili msichana yule akahamishwa bweni, akapata wenzake wapya, akaacha kumtaja binti yangu. Binti yangu akaendelea kumtaja yeye, yeye tu. Iliniuma kweli. Lakini ahadi ni deni, ningemwambia nini?

Yeye akaamini amemkosea mwenzake. Likizo ilipokwisha alichuma jani la isale mpakani mwa kihamba chetu, shamba letu la migomba, akaondoka nalo. Kwetu Wachagga, ukiletewa isale umeombwa radhi, na unasamehe, utake usitake.

Jumapili alikuja nyumbani macho mekundu.

"Amelifutia matope viatuni, baba."

"Hakujua, mwanangu. Kwao hawana isale."

"Si angeuliza?"



Muhula ule karatasi yake ya majina ilirudi tupu. Msimamizi wangu wa chuo alipoyaona matokeo alifurahi mno: kompyuta ilikuwa imetabiri kwamba mshale ule utakatika, na umekatika. Wanafunzi wote aliwajua kwa namba tu.

"Hongera, mwalimu, hapa umepatia," alisema, akaweka kidole kwenye nukta moja pembeni mwa mchoro. "Na huyu aliyebaki peke yake anatufaa sana. Usimwachie, mfuatilie kwa karibu."

Nikamwambia huyo namfuatilia.