Wimbo Uliomchosha Loris

Loris Benassi alikuwa kijana mbichi alipotunga wimbo wa kuukejeli mji wake, Castelnera, mji ambao, alisema, hata ukungu unakaa kwa kukosa pa kwenda. Redio za Italia nzima zikaupiga. Ubeti wa pili ulimtaja Argia, mwenye baa, kuwa divai yake ina maji na jicho lake lina sumu. Argia akamtimua mbele ya watu.

"Toka! Nimekulisha, leo unaning'ata mkono!"

Bendi aliyoondoka nayo mjini haikudumu. Loris alirudi, akaajiriwa kwenye kiwanda cha jibini, mvi zikamkuta hukohuko. Kila sherehe ya mji walimwita apige, na kila mara walitaka wimbo uleule. Aliuchoka kama mgonjwa anavyochoka uji.

Novemba Argia akafa. Binti yake, Mirella, alimfuata Loris kiwandani, akamkuta akigeuza mabonge ya jibini ya mviringo kama magurudumu.

"Mama ameacha neno. Umpigie ule wimbo makaburini."

"Ule niliomtukana?"

"Huohuo. Alisema padri atamsifu kwa uongo, angalau mmoja aseme kweli."

"Mirella, nimechoka mimi. Haya mabega hayanyanyuki."

"Yeye amekufa, Loris. Nani kachoka zaidi?"

Akaenda. Alisimama kando ya kaburi na gitaa lisilo na spika, sauti ikikwaruza, padri akijitazama viatu. Alipofika ubeti wa pili, akayaruka maneno, akabaki kupiga gitaa tu. Mirella akaudaka: divai yenye maji, jicho la sumu. Wazee wakacheka huku machozi yanawatoka.

"Mama alikuwa akiuimba akifagia," Mirella alimnong'oneza. "Miaka yote. Ila ukiingia wewe tu, ananyamaza."

Tangu Argia alipomruhusu tena baani, Loris alikuwa akinywa kahawa yake kwenye kaunta ile akidhani anavumiliwa tu.

Baadaye, baani, watu walikata soseji na kumiminiana divai.

"Loris, tupigie mwingine basi!"

Akapiga wimbo mpya, ambao hakuwa amemwimbia mtu. Mwanzoni walisikiliza, kisha mmoja akauliza habari za nguruwe wa jirani, na mazungumzo yakashika moto. Loris hakukasirika. Aliuimba mpaka mwisho, taratibu, akaliegemeza gitaa ukutani, akaomba wampitishie mkate.