Uji wa Mshenga

Tumbo la Silvère lina ratiba kali kuliko ofisi anayofanyia kazi, na ofisi yenyewe ni ya serikali, pale mtaani Kacyiru. Saa moja asubuhi, uji wa mtama uliochujwa. Saa tatu, ndizi mbivu moja, aitafune mpaka iwe maji. Saa sita, viazi vilivyopondwa na yai la kuchemsha, vijiko sita, si saba. Hivyo hivyo mpaka jioni. Maharage yenye maganda, isombe ya majani ya muhogo, mishikaki inayochuruzika mafuta? Hayo anayanusa tu, anaenda zake. Wenzake wakitoka mchana kwenda kwenye mélange, chakula cha mchanganyiko cha kujipakulia mara moja tu, kila mmoja akajijengea mlima wa wali na chipsi, yeye hubaki na kikopo chake. Wanasema ni bahili. Waache waseme.

Daktari alimweleza hivi: ndani ya chembe za mwili kuna majiko madogo, yanaitwa mitokondria, ndiyo yanayochoma chakula kiwe nguvu. "Yako yanawaka kwa shida," akamwambia. Kwa hiyo misuli inachoka mapema, na tumbo nalo ni msuli. Ukilitwisha mzigo linagoma, chakula kinalala humo mpaka kesho. Ukiliacha tupu muda mrefu, mwili wote unazimika. Basi kidogo, laini, mara kwa mara. Kulifikia jina la ugonjwa huo kulichukua miaka minne ya kutapika na kupewa dawa za minyoo, jamani, minyoo! Mkewe Raïssa alihitaji wiki moja tu kuligeuza kuwa jambo la jikoni.

Mambo yalikuwa shwari, mpaka Achille alipopata mchumba.

Achille ni mdogo wake, amemlea tangu baba yao alipofariki. "Kaka, sitaki mshenga wa kukodi," alisema. "Utasema wewe." Silvère akakubali kwa furaha, kisha akakumbuka tumbo lake. Maana kuposa kwa Wanyarwanda ni ubishi wa watu wawili. Mshenga wa mume anaomba, msemaji wa upande wa mke anakataa, anatania, anadai hapa hapajawahi kuwa na msichana, anatoza faini. Saa zinakwenda. Na mpaka bibi harusi atolewe, upande wa mume hauonji kitu. Ukitia kitu mdomoni kabla ya hapo, umewaambia wakwe kwamba ulifuata chakula, si mke.

Na msemaji wa upande wa pili alikuwa nani? Mzee Rugamba wa Rebero, ambaye aliwahi kuwaweka watu saa nne nzima kwa ajili ya jina la ng'ombe mmoja.

"Waambie unaumwa," Raïssa alisema.

"Niwaambie ukoo wetu una ugonjwa? Watamnyima Achille mke!"

Ishimwe, bibi harusi mwenyewe, alijua kila kitu, na Achille alishapimwa akaonekana mzima. Baba wadogo wa Ishimwe ndio hawakujua. Basi Raïssa akachemsha uji, akaujaza kwenye chupa ndogo ya chai, na Silvère akaificha ndani ya vazi lake la sherehe, lile la kufunga begani.

Waliambiwa saa nne. Walianza saa saba na nusu. Ndiyo sherehe zetu hizo.

Saa ya kwanza Silvère aling'ara. Alisifu, alijibu, aliwachekesha mpaka mabibi wa upande wa mke. Saa ya pili nguvu zikaanza kumwishia. Akabuni mbinu: anageuka nyuma kana kwamba anashauriana na wazee wake, anapiga funda moja, anarudi vitani. Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili sawa. Mara ya tatu vidole vikamsaliti, kifuniko kikamponyoka, kikabingirika mkekani taratibu, we acha tu, kikaenda kusimama miguuni pa Mzee Rugamba.

Mzee akakiokota. Akakinusa.

"Kumbe wageni wetu wamekuja na chakula chao!" akanguruma. "Mlisikia Rebero kuna njaa?"

Upande mmoja ukacheka. Lakini Mugenzi, baba mdogo wa Ishimwe, hakucheka hata kidogo. Alisimama. "Hii ni dharau," alisema. "Mimi nasema tuahirishe." Wengine wawili wakasimama naye. Achille alikuwa amekaa mbele, mikono magotini, na macho yake yalikuwa yamemganda kaka yake.

Silvère alikuwa na utani tayari ulimini, angeweza kuteleza nao. Lakini aliona aibu, kisha akakasirika kwamba anaona aibu, na mwisho wa yote alikuwa amechoka kujificha.

"Mzee, si dharau. Mimi ni mgonjwa," alisema. Akaeleza yote: majiko, misuli, vijiko sita. "Nikikaa na njaa nitaanguka hapa, na mdogo wangu atakosa mke kwa sababu yangu. Huu ndio uji wenyewe." Akaonja kwanza, kama anavyofanya yeyote anayemkaribisha mwenzake kinywaji, aonyeshe hakina ubaya. Kisha akamnyooshea mzee chupa kwa mikono miwili.

Rugamba akaja na fimbo yake. Akainama sikioni kwa Silvère, akanong'ona kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bujumbura kabisa, walikokulia wote wawili bila kujuana.

"Umetia ndimu?"

"Hapana, mzee. Wala sukari nyingi."

"Vidonda vya tumbo," mzee alisema. "Mwaka wa kumi na moja. Kila posa nasimama hapa mbele nawachekesha watu huku tumbo linaungua."

Akanywa. Tena si funda moja. Halafu akapangusa sharubu, akawageukia watu wake.

"Mugenzi, kaa chini. Hawa wametuambia la kwao hata kabla hawajawa ndugu. Sina swali tena. Mleteni msichana!"

Vigelegele vikapasuka wakati baadhi ya wageni ndio kwanza wanaegesha magari. Rebero haijawahi kuona posa ya Rugamba iliyoisha mapema vile. Ishimwe akatoka, Achille akasimama, akalia waziwazi, wala hakujali.

Silvère akaketi na kunyoosha mkono kudai chupa yake. Rugamba akaikumbatia.

"Hii ni sehemu ya mahari," alisema. "Hairudi."

Bahati njema Raïssa alikuwa na ya pili mkobani. Alipita katikati ya wakwe wote kuileta, na Silvère akanywa palepale, mbele yao, bila kugeuka.