Tipo ya Baba

Kosa langu la mwanzo, nilipokuwa najifunza kuandika peke yangu, lilikuwa kueleza neno bila kuwauliza wanaolitumia. Neno lenyewe ni tipo. Kwa Kiluo, lugha ya upande wa baba yangu, tipo ni kivuli, na pia ni ile nafsi ya mtu inayoweza kuonekana mahali ambapo mwenyewe hayupo. Nilihangaika nalo wiki nzima nyumbani Mundika, naandika, nafuta. Mwishowe nikachukua maneno ya watu wa mbali kwenye mtandao, kwa kuwa yalionekana yamekamilika: ukiona mfano wa mtu aliye hai, kifo chake kimekaribia. Nikayatuma kwenye grupu la ukoo.

Haukupita muda, shangazi yangu, anayeuza samaki Osieko, alikuwa anageuza omena, dagaa wa ziwani, juani akamwona kaka yake, ndiye baba yangu, amesimama karibu na nyavu. Kumwita, hapana mtu. Baba ni dereva wa lori, na asubuhi ile alikuwa amekwama Malaba kwenye foleni ya kuvuka kuingia Uganda. Simu yake haikupatikana. Shangazi akakumbuka maandishi yangu. Akaacha omena pale pale, akanipitia Mundika, tukaenda Malaba. Njia nzima hakunilaumu, na hilo lilinitisha zaidi.

Tulipita kando ya malori mpaka tukalifikia la baba. Alikuwa amekaa kivulini mwa trela, anasonga ugali. Simu ilikuwa imeisha chaji. Shangazi alimshika mabega, mikono, uso, bila salamu.

"Unanikagua kama watu wa forodha," baba alisema. "Umepata magendo?"

"Nimekuona Osieko leo."

Baba akaacha mwiko. Alisema asubuhi hiyo alikuwa amemuwaza sana dada yake, maana hawakuwa wameonana tangu wamzike mama yao.

Hapo shangazi akakaa chini. Akasema hofu ya maandishi yangu ilimsahaulisha aliyofundishwa na mama yao: tipo humtangulia mtu pale moyo wake ulipoenda. Ndiyo sababu mtu akifia ziwani, jamaa huenda ufuoni kumwita kwa jina, ili tipo yake ifuatane nao nyumbani.

"Haiji kuua mtu, mtoto wangu," aliniambia. "Inatafuta watu wake."

Nilikuwa natunga kichwani sentensi nzuri ya kuomba msamaha, na kila moja niliiona ina kasoro. Baba akanisogezea sufuria.

"Kula kwanza, mwandishi. Ugali haungoji."

Tukala watatu. Sijawahi kushukuru chakula namna ile.

Yale maandishi niliyafuta. Siku hizi nauliza kwanza, ndipo naandika, hata kama nitaonekana sijui. Na kila lori linapokwama Malaba, baba humpigia dada yake simu, naye huenda kumwona.