Jua Letu Si la Kwanza Wala la Mwisho

Nakumbuka jioni moja hapa Kabondo, Kisangani, mvua ya mchana ilikuwa imeosha mbingu, umeme umekatika mtaa mzima, nami nimekaa barazani kwa baba nimenuna kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Mwanangu, usinicheke. Leo unanijua kama Mwalimu Aziza wa fizikia, ambaye hata wakubwa wa mji huu wakipita husimama kumsalimu, kwa sababu aliwafundisha wao na watoto wao. Najisifu, ndiyo, wala sioni haya, maana jasho lilikuwa langu. Lakini jioni ile nilikuwa msichana wa shule, na nilikuwa nimekwisha kuamua kuacha masomo ya sayansi.

Sababu ilikuwa hii. Katika shule yetu nilikuwa wa kwanza tangu darasa la chini. Walimu walinisifu, mama alinisifu sokoni mpaka wateja wakachoka, na unajua wahenga walivyosema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaacha kufungua vitabu, nikadhani akili yangu inajilisha yenyewe. Likizo ile kila shule ya mji na vijiji vya jirani ikatoa mwanafunzi wake bora, tukakusanywa katikati ya mji kujiandaa kwa mtihani wa serikali. Siku ya majaribio nikajikuta mkiani. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Banalia, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya gunia, akamaliza hesabu kabla mimi sijaelewa swali. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikamwambia baba kwamba kesho nitaomba nihamishiwe ushonaji.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Maniema mwenye maneno machache. Alituma mtu amwite Tonton Saidi.

Tonton Saidi alikuwa ndugu wa mama. Kwao ni moja ya zile familia za Waislamu wa zamani hapa Kisangani, na alikuwa amefundisha jiografia mpaka nywele zikawa nyeupe. Mzee yule alikuwa bahili wa sifa. Ukimletea alama tisa juu ya kumi, anakuuliza ile moja umempa nani. Alifika anatafuna kola zake chungu tunazoziita makasu, akatandika leso kwenye ngazi ili suruali isichafuke, akakaa.

"Aziza, baba yako anasema unaacha math. Juu ya nini?"

"Tonton, kule mjini miye si kitu. Bote bananipita."

"Bon. Angalia barabara."

Barabarani toleka zilikuwa zinarudi nyumbani, zile baiskeli zetu za kubeba abiria. Moja ikapita karibu kabisa, taa yake ya dinamo ikatupiga machoni. Mbali, kule mwisho wa barabara, lori lilikuwa linakuja, na taa zake zilionekana vidoa viwili tu.

"Taa gani iko na nguvu?"

"Ya lori."

"Na gani imekuumiza macho?"

"Ya toleka, sababu iko karibu."

"Voilà. Jua yetu njo ile toleka."

Alimaanisha kwamba jua letu ndilo ile toleka, kisha akanyoosha kidole juu. Akanionyesha Shira, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, na upande wa kusini akanionyesha Suheli, iliyofifia kidogo kuliko Shira. Ndivyo walivyoziita kwao. Akanieleza kwamba Shira inalishinda jua letu kwa mwanga zaidi ya mara ishirini, na inatuwakia hivi kwa sababu ni jirani. Suheli iko mbali mno, ndiyo maana inakuja ya pili, lakini kwa nguvu zake yenyewe inalishinda jua kwa maelfu ya mara. Jua letu likipelekwa hadi ilipo Suheli, hakuna jicho la mtu litakaloliona.

Mwanangu, badala ya kufarijika, niliumia zaidi. "Donc jua iko kitu kidogo tu," nikasema, "kama miye." Nikaanza kulia, na majirani wanasikia.

Hapo ndipo aliponikemea. "Nyamaza! Nani alikuambia jua iko kidogo? Umeipima na nani?"

"Na nyota zote za pale juu."

"Zote? Zile unaona njo zenye nguvu. Zile zingine mwangaza yao haina nguvu ya kufika kwa macho yako, na ziko mingi kupita zile zote unaona. Hata ile nyota iko jirani ya jua kabisa, hakuna mutu anaweza kuiona na macho matupu, vile iko zaifu. Ukiweka zote pamoja, zenye kuonekana na zenye hazionekani, jua yetu inapita mingi, mingi sana. Haiko ya kwanza. Lakini ya mwisho, hapana! Na weye, kule mjini balikukalisha na nani?"

"Na ba kwanza ba kila shule."

"Alors? Umekuwa wa mwisho kati ya ba kwanza, unakuja kulilia ushonaji? Ushonaji haikukukosea kitu. Usiipelekee mutu wa kukimbia."

Akainuka, akakung'uta leso yake, akaikunja taratibu. Halafu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Mu familia yetu, hakuna mutoto alishafika pale weye umefika. Miye niko fier na weye." Bahili yule wa sifa anajivunia mimi! Nilijaa furaha, na baba, aliyekuwa mlangoni muda wote, akajifanya anatafuta kiberiti.

Kesho yake sikwenda kuomba ushonaji. Nilikwenda kukaa karibu na yule kijana wa Banalia, nikamwomba anionyeshe njia yake ya kupiga hesabu. Ilikuwa kazi, maana kiburi hakimezeki kwa maji. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Matokeo ya mtihani yalipotoka, yeye alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yake sana, lakini nilifaulu, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufaulu fizikia. Baba yangu, yule wa maneno machache, alivaa tai akavuka mji hadi mtaa wa Tshopo kuwatangazia ndugu nyumba kwa nyumba. Mpaka leo nikiikumbuka ile tai kifua kinanijaa.

Nakuambia haya kwa sababu nakuona na simu yako, unawatazama wanaong'aa Kinshasa na Ulaya, kisha unaweka kalamu chini. Hao wanakufikia kwa kuwa wana mwanga wa kufika mbali. Maelfu wanaohangaika kama wewe hawaonekani humo. Usijipime na wanaoonekana tu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ukiwa wa kwanza kwenu, toka ukutane na waliokuzidi. Na ukijikuta wa mwisho kati yao, kaa hapo hapo, mwanangu, maana kiti hicho hakupewa kila mtu.

Mungu akupe mwanga wa kukutosha kazi yako, akupe na macho ya kuwaheshimu wasioonekana. Inua kichwa. Rudi darasani.