Miwani ya Fundi Bomba Juu ya Meza ya Mwandishi

Saa tatu asubuhi, mtunzaji wa nyumba ya marehemu mwandishi, ambayo sasa ni makumbusho, anafungua madirisha ya chumba cha kuandikia ili karatasi zisishike ukungu. Kila dirisha analikaza kwa kipande cha mbao, upepo wa bahari usilibamize. Anafuta meza kwa kitambaa kikavu. Akifika kwenye miwani, mkono unasita.

Basi la wageni wa siku moja limeshaegeshwa nje. Leo binti wa marehemu mwandishi yumo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Leo naumbuka," ananong'ona mtunzaji, mama wa miaka sitini na tatu.

Miaka kumi na moja iliyopita alisahau kukaza dirisha moja. Lilijibamiza, miwani ya mwandishi ikaruka sakafuni ikavunjika vioo vyote viwili.

"Wageni walikuwa mlangoni, na kila anayeingia huulizia miwani kwanza. Nikakimbilia chumbani kwangu uani, nikachukua ya marehemu mume wangu. Nilisema ni ya siku moja tu."

Mumewe alikuwa fundi bomba. "Hakuwahi kumaliza hata ukurasa wa vitabu hivi," anasema, na kicheko kinamkatikia njiani. "Sasa watu wanapanga foleni kuipiga picha miwani yake."

Wageni ishirini na wawili wanaingia. Binti anainama mezani, anaitazama miwani. Mama anaeleza habari za kiti, kalamu na kikombe. Miwani anairuka.

Wenzake wanapotoka kwenda ufukweni, binti habanduki.

"Mama, miwani ya baba ilifungwa uzi mweusi kwenye mkono wa kushoto wa fremu. Niliufunga mimi."

"Najua, mwanangu. Ninao."

Mama anaondoka mbio, anarudi na kopo la chai. Ndani mna fremu, vipande vya vioo na uzi. Binti anaugusa uzi kwa kidole, machozi yanamtoka. Kisha anaimimina miwani iliyovunjika juu ya meza, polepole, na ile nzima anamkabidhi mama.

Jumatatu mama atajipeleka kwa kamati inayosimamia nyumba, akaseme mwenyewe kabla hawajasoma gazetini. Ndiyo maana ameruhusu habari hii iandikwe. Anaomba aachiwe kazi yake ya miaka kumi na tisa.

"Na wakinifukuza?" Anaifuta miwani ya mumewe kwa upindo wa khanga. "Nitakata tiketi niingie kama nyie. Hayo madirisha nani atayakaza?"